Rangi ya Jenerali

Mama Cherehani aliwasili kwa binti yake asubuhi tulivu, jua halijakolea, na kitu cha kwanza kumpokea mlangoni kilikuwa bomu. Lilisimamishwa kando ya kizingiti, limepigwa msasa hadi likang'ara, na ndani yake mlikuwa na miavuli na fagio la buibui.

"Usiogope, mama," mkwewe alisema akitoka mbio kumpokea. Alimpigia saluti kwanza, ndipo akakumbuka shikamoo. "Hilo ni ganda tu. Watu wa jeshi wenyewe walikuja wakakagua nyumba nzima. Humu ndani hakuna kinacholipuka."

"Mimi sijaogopa bomu, baba," alimjibu. "Nimemwogopa mtu mzima anayelitunzia miavuli."

Mkwe akacheka. Alikuwa na kipaji hicho, cha kutojua anapochekwa. Mtaa mzima ulimwita Jenerali, naye, maskini, alidhani ni heshima. Jeshini hakuwahi kukanyaga hata lango. Kilichomlisha ni kuandika mabango: ya vinyozi, ya maduka ya vipuri, na yale ya kuwakataza watu kukojoa ukutani. Kazi hiyo aliijua, ni haki kusema. Brashi ikichanua aliitia mdomoni, akaiviringisha kwa midomo, ikatoka na ncha kali kama sindano, na herufi zake zilisimama wima bila rula. Tabu yake ilianza alipoiweka chini brashi, kwani hapo ndipo alipojigeuza shujaa wa vita ambavyo hakupigana.

Sebule yake ilijaa kofia za chuma zenye kutu, maganda ya risasi kwenye mabakuli, na bawa la roketi lililotundikwa mahali ambapo watu wenye akili hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi ilikuwa bafuni. Kila wikendi wenzake wa chama cha wapenzi wa mambo ya vita walikuja, wanaume wenye vitambi na viatu vya kijeshi vya mtumba, wakapigiana saluti, wakaitana Kanali na Brigedia, wakabishana kuhusu unene wa chuma cha vifaru. Mama Cherehani aliwapikia chai akiwatazama kama mtu anavyotazama mbuzi waliovishwa suruali.

Hakuja kwa ajili yao. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba iliyokomaa, baada ya mbili kuharibika, na mama mtu alikuwa ameapa kwamba hii itafika. Ndiyo maana alifungasha cherehani yake, akafunga duka, akaja kukaa chini ya paa la mpumbavu. Kwa ajili ya mjukuu huyo angekaa hata chini ya daraja.

Siku moja mchana alikwenda kutafuta ndoo stoo. Ilikuwa stoo isiyo na dirisha, nyuma ya jikoni, na taa yake ilikuwa imeungua zamani. Alisukuma mlango, akaingia, na mlango ukajirudishia nyuma yake.

Giza halikuwa giza. Ukutani kulikuwa na duara za kijani, nyingi, kila moja na namba zake na mshale wake, zimemkodolea macho. Na katikati yao, usawa wa kichwa cha mtu, ilining'inia midomo. Midomo mitupu, haina uso. Ilikuwa ya kijani vilevile. Ikafunguka.

"Karibu, mama," midomo ilisema.

Ndoo aliyokwisha kuishika ilimtoka mkononi. Nywele zilimsimama hadi kisogoni. Aliupapasa mlango, akaufungua, na mwanga wa jikoni ukammulika mkwewe amekaa juu ya debe, brashi mkononi, anatabasamu kama mtoto aliyejisaidia akasifiwa.

"Umenishtua, wewe! Futa mdomo wako," alimwambia akihema. "Umekuwa kama kibwengo."

Jenerali hakufuta. Alikuwa na hamu mno ya kueleza. Zile zilikuwa geji, alisema, za kifaru cha zamani, alizozipata kwa wauza vyuma chakavu waliokuwa wakikikata. Enzi zake namba ziling'aa zenyewe, ili dereva asome vipimo bila kuwasha taa na kuonwa na adui. Alipozipata zilikuwa zimekufa, za kahawia, rangi inamenyuka, na Brigedia alimcheka mbele za watu. Hilo lilimuuma. Basi akavunja lakiri, akatoa vioo, akaikwangua rangi yote ya zamani kwa wembe, akaitwanga ikawa unga, akaichanganya na unga mpya wa kung'aa, ule wa mabango ya barabarani. Akaziandika upya, namba kwa namba.

"Zimefufuka, mama," alisema. "Na kuna kitu cha ajabu. Ule unga mpya peke yake lazima uuanike juani kwanza, na baadaye huzimika. Huu nikiuchanganya na wa zamani hauzimiki. Hauhitaji jua. Unang'aa tu wenyewe, usiku na mchana."

"Na hilo halikutii shaka?"

"Ndiyo uzuri wenyewe!"

Mama Cherehani aliokota ndoo yake, akaondoka. Alidharau ile kazi kama alivyodharau kazi zake zote, na dharau hiyo ilimfanya asiulize zaidi. Lakini usiku huo alikula kidogo, kwa kuwa mkwe alikaa mkabala naye, akila kwa midomo ileile.

Baada ya geji Jenerali hakutulia. Alitengeneza nyingine za kuwagawia wenzake, nao wakazipokea kwa saluti, hata Brigedia. Unga ukabaki. Mtu mwingine angeumwaga. Yeye alimwita mkewe na mama mkwe kwenye chumba kidogo kilichoandaliwa kwa mtoto, akavuta mapazia mazito ambayo Mama Cherehani mwenyewe alikuwa ameyashona, na akasema, "Tazameni."

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimejaa nyota. Kila fito, kila kona, ubao wa kichwani na ule wa miguuni. Nyota ndogondogo za kijani zilizochorwa kwa mkono usiotetemeka, na katikati yake kifaru kidogo chenye mzinga.

"Mwanangu hataogopa giza," Jenerali alisema. Huyo mtu alimpenda mtoto wake. Hata Mama Cherehani, aliyemnyima kila sifa, hakuweza kumnyima hiyo.

Binti alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo akawa anapumzika mchana chumbani humo, godoro chini, kichwa karibu na fito, mapazia yamefungwa. Alisema nyota zinamtuliza. Mama yake alipitisha kidole kwenye ubao, kikatoka na vumbi. Akakipangusa kwenye khanga. Alipopita kwenye ukumbi wenye giza, akaona khanga yake ina alama ya kidole inayong'aa. Aliifua kwa sabuni ya mche, akaisugua, akaianika. Jioni alama ilikuwapo.

Paka wa nyumba, ambaye alipenda kulala stoo kwenye rafu ya geji, alianza kunyonyoka manyoya. Yalitoka mafungu mafungu. Siku moja wakamkuta amekufa chini ya sinki la jikoni. Jenerali alimzika uani kwa heshima za kijeshi, akamfunika kofia ya chuma. Mama Cherehani alitazama dirishani, akasonya, halafu akajikuta hawezi kumalizia kusonya kwake.

Kisha ikaja zamu ya meno.

La kwanza lilibaki kwenye mkate, wakati wa kifungua kinywa. Jenerali alilichomoa kutoka kwenye tonge, akalitazama, akacheka kwamba uzee unabisha hodi. La pili lilifuata, na la tatu, bila hata kuuma. Ufizi haukupona. Nyumba ikaanza kunuka, harufu ya kitu kilichosahaulika ndani ya mfuko uliofungwa. Shavu la kushoto likavimba. Alizungumza kama mtu mwenye kokoto mdomoni, na alipozungumza alimtazama mama mkwe.

"Haya yote yameanza tangu mgeni aingie," alimwambia mkewe, kwa mnong'ono wa kusikika hadi jikoni.

Mama Cherehani alitoka na mwiko mkononi. "Unasema mimi mchawi?"

Jenerali akajishika shavu lililovimba.

"Sema, baba. Kwa maana ningekuwa na uchawi, ningekumaliza siku ya posa. Nisingesubiri nikakushonea mapazia."

Yangeishia hapo yangekuwa vichekesho. Lakini Kanali na Brigedia walimletea mganga, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi na saa bandia ya dhahabu, ambaye aliuliza maswali mengi kabla ya kuotea chochote. Aliomba achukuliwe mahali penye giza. Wakamtia stoo. Alikaa humo muda wa kupika chai, na alipotoka jasho lilimfanya kola yake ishikane na shingo. Mtu aliyeishi kwa kuwatisha wenzake alikuwa ametishwa na rangi ya mabango. Hata hivyo akajikaza, kazi ni kazi. Akanyoosha kidole kwa Mama Cherehani. Akasema ameviona vinyago vyake ukutani, vina macho ya kijani, na kwamba vinamngojea mtoto.

Wanaume wale wazima, Kanali na Brigedia, wakarudi nyuma hatua kadhaa, viatu vyao vya vita vikigongana. Mama Cherehani aliwacheka usoni. Alicheka hadi alipomwona binti yake. Binti hakuwa akicheka. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo, na alikuwa amesogea kando.



Jioni alimfuata chumbani kwenye nyota. Alipiga magoti kando ya godoro.

"Twende kwangu, mwanangu. Leo hii. Nyumba hii ina kitu. Sijui ni nini, lakini kipo. Yule paka alikijua."

"Mganga naye kasema kipo," binti alinong'ona bila kumtazama. "Na kasema kinatoka wapi."

"Wewe unamwamini yule tapeli?"

"Ya kwanza ikaharibika ulipokuja, mama. Ya pili ukaja tena."

"Nilikuja kwa sababu zimeharibika!"

"Sijui, mama. Sijui. Ila siondoki. Mimba hii sitaki kuihatarisha njiani."

Alisema hayo akinyoosha vidole, akizichezea nyota kwenye fito, na vumbi laini likamwangukia shingoni, kwenye nywele, kifuani. Liling'aa. Mama Cherehani alitaka kumpangusa. Binti akaushika mkono wake, akauondoa.

Mama Cherehani naye hakuondoka. Walimfungia milango ya moyo, akabaki hivyohivyo, akilala sebuleni kati ya kofia za chuma, hasemeshwi. Na hakuondoka hata Jenerali aliposhindwa kutafuna, akawa ananyweshwa uji kwa mrija. Mwisho yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno, maana Kanali na Brigedia walikuwa wameingiwa na shughuli nyingi ghafla.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno. Alishika jino lililolegea, akalivuta taratibu. Jino likatoka. Pamoja nalo kikatoka kipande cha taya, chenye matundumatundu kama mkate wa zamani. Jenerali hakupiga kelele. Hakuhisi kitu. Hilo ndilo lililomfanya daktari arudi nyuma.

"Mgonjwa anafanya kazi gani?"

"Kazi?" Mama Cherehani alibetua mdomo. "Kazi yake kulamba brashi. Anakwangua rangi za vifaru vilivyokufa, anazifufua, halafu anazilamba."

Alisema hivyo kwa kejeli, kama alivyozoea. Daktari akaweka koleo chini. Alilaza kitambaa juu ya lile jino.

"Rangi gani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ile inayong'aa gizani?"

"Ndiyo hiyo. Haizimiki."

"Nyumbani kuna nani mwingine?"

"Binti yangu," Mama Cherehani alisema, tayari amesimama. "Ana mimba."

Watu walioitwa na daktari walikuja asubuhi iliyofuata, wamevaa nguo nyeupe za kufunika hadi unyayo na barakoa. Bwana wa vipimo alikuwa na kisanduku cha kupimia mionzi, chenye kipaza sauti kidogo. Kilianza kulia langoni, polepole. Ukumbini kikaharakisha. Stoo kikalia kama mchele unaomwagwa juu ya bati, bila nafasi kati ya punje na punje, na bwana yule akafunga mlango na kuweka utepe.

Aliwaeleza wakiwa wamesimama uani. Rangi ya zamani ilikuwa na radiamu, madini ya mionzi. Namba zilikufa kwa sababu ule unga wa kung'aa uliokuwa ndani yake ulichoka. Radiamu yenyewe haikuchoka. Ilikuwa palepale, na itakuwa palepale wajukuu wa vitukuu wakishasahauliwa. Haina harufu, haina moto. Kioo kikiwa kimefungwa na geji haiguswi, hatari yake ni ndogo. Ikikwanguliwa, unga wake huvutwa puani, humezwa, huingia mifupani, hukaa humo, na huendelea na kazi.

"Lakini walikagua," Jenerali alisema kwa taabu, kitambaa kikiwa mdomoni. "Jeshi. Walisema hakuna kinacholipuka."

"Hakuna kinacholipuka," bwana wa vipimo alikubali.

Kisha akauliza kama kuna chumba kingine. Binti akaanza kutembea, naye akamfuata. Walipofika mlangoni pa chumba kidogo, kisanduku kilikuwa kimeshaanza. Alikisogeza kwenye kitanda. Kwenye nyota. Kwenye kile kifaru kidogo. Punje na punje zikawa sauti moja ndefu. Jenerali alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbi, na ilipofika sauti ile alitelemka taratibu hadi akakaa sakafuni. Mama Cherehani alimtazama. Alikuwa na maneno ya kumwambia, mengi, aliyoyalimbikiza tangu siku ya posa. Akaona hata hayo hayastahili kupotezewa huyu mtu.

Binti alivuliwa nguo, akaogeshwa, akaoshwa nywele, akaogeshwa tena. Wakampima kwa kisanduku. Mikono, kimya. Nywele, kimya. Miguu, kimya. Wakakisogeza kwenye tumbo.

Tak. Tak, tak.

Bwana yule alikiondoa. Akakirudisha. Akaandika.

Jenerali hakumaliza mwezi. Walimzika kwenye sanduku lililotiwa bamba za madini ya risasi, na zege juu, na kundi lake zima likafyata mkia. Hakuja hata mmoja wa kumpigia saluti. Zile geji alizowagawia zilianza kuokotwa kwenye mitaro na majalala ya mtaa, zimefungwa magazetini. Vita vyao vya kwanza vya kweli, na wakakimbia mbele ya geji ya ukutani. Nyumba ilivunjwa na watu wenye barakoa, udongo ukachimbwa, ukapakiwa kwenye mapipa, ukapelekwa mahali ambapo hawakuambiwa.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Walimpima kabla hata ya kumfunika. Kisanduku kilikaa kimya. Wakampima kichwa, kifua, mgongo, nepi yake, na kisanduku kikakaa kimya. Walimpima tena baada ya wiki, na tena, na bwana wa vipimo, aliyekuwa hacheki kamwe, alicheka. Alisema hana maelezo. Mama ana chembe za radiamu mifupani, atafuatiliwa maisha yake yote, na asinyonyeshe. Mtoto hana kitu. Ni safi.

Mama Cherehani aliwachukua wote wawili nyumbani kwake. Binti alimwomba radhi akilia, naye akamwambia anyamaze, mtoto anataka maziwa. Kilichobaki kilikuwa hicho tu. Mjukuu amefika. Alimwogesha, akamtengenezea chupa, akamshonea nguo kutoka vipande vya wateja. Alikuwa mtoto mtulivu. Gizani hakulia kamwe.

Alasiri moja ya joto alimlaza kitandani kwake, akafunga madirisha ya mbao, akavuta mapazia. Akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa ili mwanga usimwamshe. Chumba kikawa giza tupu. Alikuwa amegeukia ukuta, akikunja nepi kwa kupapasa.

Akaona mikono yake.

Aliacha kukunja. Mbele yake, ukutani, kulikuwa na kivuli cha mwanamke. Kilikuwa na kilemba chake. Kilikuwa na mabega yake. Alipoinua mkono, kikainua.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Taa ilikuwa imezimwa. Mwanga ulitoka nyuma yake, chini kidogo, usawa wa kitanda. Ulikuwa hafifu, wa kijani. Ulipanda na kushuka, taratibu, kwa kufuata pumzi ya mtu aliyelala.

Alitafuta neno la dharau. Alikuwa nalo la kila mtu na la kila kitu. Hakulipata.

Nje, hatua za binti yake zilikuja zikasimama mlangoni. Kitasa kikazunguka kidogo.

"Mama," binti alinong'ona. "Amelala?"

Mama Cherehani alirudi nyuma, bila kugeuka, hadi miguu yake ikagusa kitanda, akatandaza khanga yake kwa mikono miwili, akauziba ule mwanga kwa mwili wake.

"Amelala, mwanangu," alisema. "Usifungue mlango."